Uchambuzi wa kisa: helmeti ya Stormtrooper na sikio la kushoto lililogoma kukaa

Usuli

Kisa hiki ni cha jamaa mmoja, Mswahili wa kwetu anayeishi Uingereza, aliyeamua kujijengea helmeti ya Stormtrooper, wale askari weupe wa Star Wars, toleo la filamu ya kwanza kabisa ya 1977. Jina lake, mji, kazi, muuzaji wa vipande na kikundi alichotaka kujiunga nacho vyote nimevitoa, na mwenyewe kakubali kisa kitumike kufundishia wengine. Humu nitamwita Fundi, japo kiukweli kazi ya plastiki alikuwa hajawahi kuigusa. Mi niliitwa alipokwama nikawa naye mpaka mwisho, kwa hiyo ya katikati na ya mwisho nimeyaona kwa macho, ya mwanzo nimeyapata kwake na kwenye picha alizokuwa anapiga kila hatua (hilo la kupiga picha kila hatua lilikuja kutuokoa, nitalirudia).

Alichotaka sio mdoli wa kuweka kabatini. Alitaka helmeti ya kuvaa, na iwe sahihi kiasi kwamba mtu anayezijua hizi vitu akiikagua asikute cha kulalamikia. Vikundi vya mavazi, yaani vya watu wanaovaa kama wahusika wa filamu, vina miongozo mikali kwelikweli, kile kikubwa kinachojulikana dunia nzima, 501st Legion, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1997, kina maelezo ya kila kipande, rangi ipi, lenzi ipi, mpira unakaa wapi. Sasa Fundi alikuwa na njia tatu mbele yake: anunue iliyokamilika, achapishe kwa printa ya 3D, au anunue vipande vya plastiki vilivyokwishafinyangwa ajikatie na kujiungia. Iliyokamilika bei ilimshinda. Ya printa aliiacha kwa sababu mbili nzuri, kwanza ukuta wake huwa mnene na mistari ya kuchapia inataka msasa wa kutosha, pili mafaili mengi ya kompyuta yamechorwa upande mmoja kisha ukageuzwa kama kwenye kioo ukawa upande wa pili, na helmeti ya 1977 haikuwa hivyo hata kidogo. Akachukua vipande vya plastiki ya ABS.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini ile sababu ya pili, kwamba helmeti halisi pande zake hazilingani, aliijua kwa kuisoma tu, mikono ilikuwa bado haijaijua, na humo ndo kisa chote kilipo.

Helmeti yenyewe ilivyo

Bila kuelewa hiki kitu kilitengenezwaje mwanzoni utaona kisa ni cha mtu na skrubu zake tu. Mwaka 1976 sanamu ya udongo ya kichwa ilifinyangwa na Nick Pemberton, halafu Andrew Ainsworth, aliyekuwa na karakana yake Twickenham, London, akazitoa helmeti zenyewe kwa njia ya vakyumu: unapasha shiti ya plastiki mpaka inalegea, unaishusha juu ya umbo, unafyonza hewa chini yake, plastiki inalivaa umbo, ikipoa unakata. Historia hii imeandikwa vizuri kwa sababu ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza kwenye kesi ya hakimiliki iliyoamuliwa 2011, mahakama ikasema helmeti ile sio sanamu kisheria. Oda ya filamu ilikuwa helmeti 50. Zilikatwa na kuungwa kwa mikono, haraka, na watu waliokuwa na tarehe ya kupiga picha shingoni, hakuna aliyefikiri kwamba miaka arobaini na kitu baadaye kuna mtu atasimama na rula kupima umbali wa jicho na nyusi.

Vipande vikubwa ni vinne. Kuna uso, kuna kisogo ambacho kinapanda kikawa utosi na kushuka mbele mpaka juu ya macho, na kuna masikio mawili. Uso na kisogo vinakutana ubavuni na ile njia ya kukutana inafichwa na masikio. Mbele, ukingo wa kisogo unavishwa mpira mweusi unaokwenda sikio mpaka sikio, huo tunauita mpira wa nyusi. Sikiliza hapa maana ndo moyo wa jambo: mpira wa nyusi umeshikwa na kisogo, macho yako kwenye uso. Ukikizungusha kisogo kidogo tu pale kinaposhikwa ubavuni, nyusi zinapanda au zinashuka juu ya macho, na askari anabadilika sura kabisa, zikishuka anakuwa mkali, zikipanda anakuwa kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Milimita chache zinatosha.

Na sanamu yenyewe haikulingana kushoto na kulia. Macho hayako sawa, mashavu hayako sawa, na masikio ndo kabisa, kila moja lina mkunjo wake. Juu ya hapo helmeti zenyewe hazikufanana, kwa sababu kila moja iliungwa kivyake, na kulikuwa na aina mbili, za stanti, yaani za purukushani, zenye lenzi bapa, na za hiro, yaani za kuonekana vizuri, zenye lenzi zilizovimba kwa ajili ya kamera ya karibu. Fundi alichagua stanti.

Mambo yalivyokwenda

Vipande vilifika kwenye boksi vikiwa na plastiki ya ziada kila upande, kama vinavyotoka mashineni. Siku za mwanzo Fundi alikwenda vizuri. Alikata kwa mkasi uliopinda na kwa ile njia ya kukwaruza na kisu mara kadhaa kisha kuvunja, ambayo kwa ABS ya milimita mbili hivi ndo safi kuliko zote, kidrili cha kasi alikiweka pembeni baada ya kuona kinayeyusha plastiki badala ya kuikata. Macho alianza kwa tundu dogo katikati akawa anapanua kwa tupa ya nusu duara. Mdomo hivyohivyo. Nimeziona picha za hatua hiyo na sina la kusahihisha, kazi ya mtu mvumilivu.

Shingo nayo akaikata siku hizohizo, ukingo wote wa chini, usawa mmoja. Weka hilo akilini.

Tatizo lilianzia kwenye masikio. Sikio la kulia alilikata kwa kujaribisha, anakata uzi, anaweka, anaangalia, anapiga msasa, anaweka tena, mpaka likakaa kwenye mkunjo wa helmeti bila mwanya. Likampendeza. Sasa akili ikamwambia kwa nini ateseke mara ya pili, akachukua karatasi ngumu akachora umbo la lile sikio la kulia, akaigeuza karatasi, akalikata la kushoto kwa mchoro huo moja kwa moja. Likiwa mezani, masikio mawili yalikuwa mapacha. Likiwa kwenye helmeti, la kushoto liliacha mwanya nyuma wa karibu milimita tano, unapitisha ncha ya kidole.

Hapo angesimama. Badala yake akajiambia labda kisogo ndo kimekaa vibaya, akaanza kukinyoosha. Alichukua tepu ya kupimia, akapima kutoka kona ya kila jicho mpaka ukingo wa kisogo, akakizungusha kisogo mpaka vipimo vya pande mbili vikawa sawa, akatoboa matundu, akafunga skrubu. Umeona shida? Macho yenyewe kwenye sanamu hayako usawa mmoja. Ukiyafanya macho kuwa msingi wa kupimia kisha ukalazimisha nyusi ziwe umbali sawa kutoka kila jicho, unakipindua kisogo kizima kifuate upotovu wa macho. Upande wa kushoto kisogo kikasogea mbele na mwanya wa sikio ukaongezeka badala ya kupungua.

Basi akaamua kuuziba mwanya kwa nguvu. Akaikaza skrubu ya chini ya sikio la kushoto mpaka plastiki ikavutika na kugusana. Kwa muda ilionekana imepona, akaenda kulala. Asubuhi kulikuwa na ufa kwenye kisogo kutoka tundu la skrubu kwenda nyuma, na kuzunguka tundu ABS imepauka ile rangi ya maziwa ambayo plastiki hutoa ikiwa imevutwa kupita uwezo wake.

Ndo nikapigiwa simu. "Kaka, hii kitu imenishinda, nimepima kila kitu na kila kitu kiko sawa, lakini ukiiangalia haiko sawa." Nilimwambia asiguse kitu chochote na asitie gundi popote mpaka nifike.

Nilipofika nilimkuta ana picha za rejea karibu mia kwenye simu, kutoka filamu, kutoka minada, kutoka maonyesho, helmeti tofauti kumi na ngapi sijui. Na alikuwa anazichanganya. Jicho analinganisha na helmeti hii, nyusi na ile, sikio na ya tatu. Tulikaa kwanza tukachagua moja. Helmeti moja iliyosalia ya stanti ambayo ina picha safi za mbele, za ubavu zote mbili na za nyuma, zote zimepigwa kwa mbali. Nyingine zote tukazitoa kwenye folda ya kazi. Hilo peke yake lilimtuliza, ubishi mwingi uliokuwa kichwani mwake ulikuwa ni helmeti mbili zinazogombana, sio yeye kukosea.

Halafu kamera. Picha zake zote za kulinganishia alizipiga simu ikiwa karibu na uso wa helmeti, na kitu kikipigwa karibu namna hiyo, kilicho mbele kinavimba na kilicho nyuma kinanywea, kidevu na pua vinakuwa vikubwa, masikio yanakimbilia nyuma. Ukiilinganisha na picha iliyopigwa mbali utaona makosa ambayo hayapo na hutayaona yaliyopo. Tuliiweka helmeti juu ya stendi, tukarudi nyuma kama mita tatu, simu juu ya kiti usawa wa pua ya helmeti, tukazumu. Picha hiyo tukaiweka juu ya picha ya rejea kwenye programu ya bure ya kuhariri picha, ya juu tukaififisha nusu, tukavilinganisha kwa pua na kile kipande cheusi cha kipaza sauti kidevuni. Na hapo kila kitu kikajionyesha: uso ulikuwa sawa, macho yalikuwa sawa, mdomo sawa, kisogo kimezunguka, upande wa kushoto nyusi zimeshuka sana, na utosi umeinamia bega. Tepu ya kupimia ilikuwa imesema sawa muda wote.

Tukafungua kila kitu. Skrubu zote nje, vipande vinne mezani.

Safari hii hakuna skrubu mpaka mwisho. Kwenye uso tulichora kwa penseli laini mstari wa katikati kutoka kidevu, juu ya pua, mpaka ukingo wa juu. Kwenye kisogo tukachora mwingine kwa kufuata mgongo wa utosi. Mistari miwili tukaikutanisha, tukashika kwa maski tepu ubavuni, tukawa tunazungusha kisogo kidogo, tunapiga picha kutoka palepale, tunalinganisha, tunazungusha tena. Jioni nzima ilienda hapo na sioni kwamba kuna namna ya kuifupisha. Nyusi zilipokaa kama za helmeti tuliyoichagua, upande mmoja zilikuwa juu kuliko mwingine ukipima kwa rula. Fundi aliangalia rula, akaangalia picha, akasema, "Yaani ikiwa imepinda ndo imenyooka." Tukaweka alama za penseli zinazovuka kutoka uso kwenda kisogo pande zote mbili ili ikitoka iweze kurudi palepale.

Ufa tuliushughulikia baada ya hapo. Mwisho wake tulitoboa kitundu chembamba ili usiendelee kutambaa, ndani tukabandika kipande cha ABS kama kiraka, na nje tukajaza kwa uji wa vipande vya ABS vilivyoyeyushwa kwenye asetoni ndani ya chupa ya glasi. Vipande hivyo vilitoka kwenye mabaki ya shiti ileile, kwa hiyo weupe ulikuwa uleule. Dirisha wazi, hakuna moto karibu, na tulisubiri siku mbili kabla ya msasa kwa sababu uji huo unanywea asetoni ikiondoka, ukipiga msasa mapema utaona shimo kesho yake. Msasa ulianza na namba 240 ukapanda mpaka 2000 na polishi. Ufa ulikuwa unaangukia chini ya sikio, kwa hiyo hata usingeng'aa hakuna ambaye angeuona, lakini Fundi alitaka ung'ae na nilimuunga mkono.

Maamuzi, na sababu zake

Kubwa kuliko yote lilikuwa sikio la kushoto, maana plastiki ikikatwa haioti tena. Tulikuwa na njia nne. Kulisogeza nyuma lizibe mwanya, lakini mbele lingefichua njia ya kukutana uso na kisogo. Kuliloweka ukingo kwenye maji ya moto likalegea na kukunjika ndani, njia nzuri kwa mwanya wa milimita moja au mbili, kwa milimita tano lingeharibika umbo. Kuongeza ukanda wa ABS na kuufukia kwa uji wa asetoni, inawezekana kabisa, ila kwenye ukingo mwembamba unaoonekana na kila mtu ni kazi ya mkono uliozoea. Au kununua sikio jipya.

Fundi alitaka ukanda. Alikuwa na hamu ya kumaliza na alikuwa ameanza kuona aibu kununua kipande alichokiharibu. Nilimwambia angalia, kila mtu atakayekagua helmeti hii ataanza kwenye masikio, ndo sehemu ngumu na wote wanajua, weka muda wako kwenye kulikata jipya vizuri badala ya kulificha bovu. Muuzaji alikubali kumuuzia sikio la kushoto peke yake. Lilipokuja alilikata kwa kujaribisha kama alivyofanya la kulia, kisogo kikiwa tayari kimeshikwa kwenye alama, na umbo lililotoka halikufanana na la kulia hata kidogo, lilikuwa pana zaidi nyuma na mkunjo wake wa chini tofauti. Likakaa kwa kidole tu, bila skrubu kuvuta chochote. Ndipo tukatoboa, tundu la kwanza dogo, halafu la saizi yake, skrubu zikashika na basi.

La pili lilikuwa rangi. Fundi alikuwa amenunua stika za kukatwa kwa mashine kwa ajili ya ile mistari ya buluu ya mashavuni, zimenyooka safi. Baada ya wiki zile za kupambana na ulinganifu mwenyewe akaziweka kando bila kuambiwa. Mistari ya 1977 ilipakwa kwa mkono na inatetemeka kidogo, unene unabadilika, kwa hiyo naye alipaka kwa mkono. Rangi alitumia enameli za Humbrol ambazo wajenzi wengi wanazitumia kwa helmeti hii, namba 14 kwa buluu, namba 5 ya kijivu kwa mdomo na zile pembe za juu na machozi chini ya macho, namba 85 nyeusi kwa mistari ya kuzungushia. Enameli inakauka polepole, ukikosea una muda wa kufuta.

Lenzi alikata kutoka kwenye plastiki ya kijani ya ngao ya kulehemu, bapa, akazishika kwa ndani na viskrubu vidogo badala ya gundi. Nilipenda hilo. Lenzi ikichubuka inatoka na kuingia nyingine bila kugusa uso.

Kuvaa: kunyoosha kwa mara ya pili

Hapa pana jambo ambalo wajenzi wengi hawalifikii kabla hawajatangaza kwamba wamemaliza. Juu ya stendi helmeti ilikuwa imekaa. Fundi alipoivaa ikaangalia dari. Alikuwa ameweka sponji nene kisogoni ili isicheze, sponji ikasukuma kichwa mbele, kidevu cha helmeti kikainuka, nyusi ambazo tulizihangaikia jioni nzima zikaonekana zimepanda, na macho yake yeye yakawa yanaangalia ukingo wa chini wa lenzi. Yaani vyote tulivyovipanga kati ya kipande na kipande vilikuwa bado havijapangwa kati ya helmeti na mtu.

Tulitoa sponji yote tukaweka ule utepe wa ndani wa helmeti ya ujenzi, wa kukazwa kwa kuzungusha, halafu tukaongeza vipande vidogo vya sponji utosini na mashavuni kimoja kimoja, kila kimoja kikifuatwa na picha, Fundi amesimama ameivaa, kamera mita tatu. Kidevu kikashuka, macho yake yakaja katikati ya lenzi. Feni ndogo ya betri iliingia juu ya paji la uso kwa ajili ya ukungu. Miguu yake haioni, hakuna aliyevaa hii kitu anayeona miguu yake, kwa hiyo anapotoka kuna mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi.

Matokeo

Picha zilipelekwa kwa wakaguzi wa kikundi. Waliomba kitu kimoja tu, kijivu cha mdomo kilikuwa kimevuka ukingo wa meno sehemu mbili, akakifuta kwa brashi yenye tina na kupaka upya. Masikio hawakuyasema. Ufa hawakuuona. Helmeti ilipita na sasa Fundi anaivaa kwenye shughuli za hisani za kikundi, na mara ya kwanza mtoto mmoja alipomkimbilia na kumkumbatia mguu alinipigia simu jioni ileile kunisimulia, nilifurahi kama vile ni mimi niliyekumbatiwa.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni kuchagua helmeti moja ya kufuata. Ningekuwa na nafasi ya kuchukua jambo moja tu kutoka kwenye kisa hiki kumpa anayeanza leo, ni hilo, kabla ya tupa, kabla ya msasa. Mtu akisema anataka helmeti sahihi ya 1977 bado hajasema kitu, maana zilikuwa nyingi na kila moja iliungwa kivyake. Akisema nataka kama hii hapa, picha hizi nne, hapo kazi ina mwisho.

Kilichofeli ni kupima bila kujiuliza msingi wa kipimo umesimama wapi. Tepu ya Fundi haikudanganya, alipima vizuri kabisa, ila alipima kutoka kwenye kitu kilichopinda. Mstari wa katikati nao sio mtakatifu kwenye sanamu isiyolingana, lakini pua na kidevu ni kipande kimoja kisichosogezwa na mjenzi, kwa hiyo angalau hakitabadilika mkononi. Na picha ya mbali ndo hakimu, rula inakuja kuandika tu kile ambacho picha imeshaamua, ili siku vipande vikitoka virudi.

Skrubu ni ya kushika kilichokwishakaa. Nimeona helmeti nyingi zenye nyufa na karibu zote zina hadithi hiihii ya mwanya uliozibwa kwa bisibisi. ABS inavumilia, inavumilia, halafu usiku inaachia. Kama sikio halikai kwa kidole, halijakatwa bado.

Kuhusu ile karatasi iliyogeuzwa, sitaki kumlaumu sana, ni fikra ambayo ingekuwa ya busara kwenye kazi nyingine yoyote, seremala anafanya hivyo kila siku na vinatoka viti vizuri. Hapa iliumiza kwa sababu kitu kinachonakiliwa hakikuwa na ulinganifu tangu mwanzo, na aliyeamua kutotumia printa kwa sababu hiyohiyo akaurudisha ulinganifu kwa mlango wa nyuma, kwa mkasi wake mwenyewe. Wajenzi wakongwe wengi nao wanalikata sikio la pili haraka kuliko la kwanza.

Picha za kila hatua zilitusaidia kujua kwamba macho na mdomo vilikatwa sawasawa kabla ya matatizo, kwa hiyo hatukupoteza muda kuvishuku. Na jambo la kuongea na muuzaji mapema, watu wanaogopa kuulizia kipande kimoja, wakati kwa muuzaji wa vipande hayo ni maombi ya kawaida.

Kimebaki kimoja ambacho hakikurekebishika. Ile shingo iliyokatwa siku za mwanzo ilikatwa kabla kisogo hakijapata mkao wake, na kisogo kilipozungushwa mahali pake ukingo wa nyuma kushoto ukabaki mfupi kuliko wa kulia kwa milimita nne. Mpira mweusi wa shingoni unameza sehemu ya tofauti hiyo, iliyobaki inaonekana ukiitazama kwa nyuma akiwa ameinama. Fundi ameshaanza helmeti ya pili, ya dada yake, na nilipopita kuiangalia, nyusi zimekaa, masikio yote mawili yamekaa, sponji ndani zimekaa, dada mtu kashaivaa kapigwa picha mita tatu, na shingoni plastiki ya ziada bado inaning'inia haijaguswa.